Wapongeze kwa majina: mwongozo wa siku ya vipaji kwa shule ya sekondari, kutoka Kigoma, mwisho wa reli

Basi la Kasulu liliingia stendi saa tatu usiku. Akashuka mwanafunzi wetu wa Kidato cha Tatu, begi mgongoni, raba zimefungwa kamba kwa kamba na kuning'inia shingoni, medali imo mfukoni. Alikuwa anatoka kambi ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Hakuna aliyekuja kumpokea. Alifika kwao Kibirizi kwa bodaboda, nauli amekopeshwa na mwenzake wa shule nyingine. Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu akasema, "Tunawapongeza wote waliokwenda kwenye michezo, haya, tuingie madarasani."

Mwalimu wa zamu siku hiyo nilikuwa mimi.

Kijana hakulalamika. Ila muhula uliofuata nilipomwita mazoezini alinijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, shikamoo, mimi mwaka huu nasoma tu." Jibu hilo limenifundisha kuliko semina zote za michezo nilizohudhuria. Tangu hapo nina ubishi mmoja na wenzangu ambao sijauacha: mtoto hahitaji sherehe kubwa, anahitaji mtu aliyeona alichokifanya na anayeweza kukitaja mbele ya watu. Turubai, keki na spika ni nyongeza.

Yanayofuata ni utaratibu tunaoutumia katika shule yetu ya kata hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Hatuna ukumbi. Tuna mwembe, na Ujiji miembe haijawahi kutupungukia. Nimewaandikia walimu wa michezo, walezi wa klabu, viranja, na wazazi wale ambao kila kikao wanaulizwa wachangie nini kabla hawajaambiwa watoto wao wamefanya nini.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku

Kazi inaanza Januari, na inaanza na kaunta buku ya kwaya tatu, yaani daftari nene la jalada gumu. Igawe sehemu tatu: michezo, sanaa, na uchangishaji. Ikae mezani kwa mwalimu wa michezo, isifungiwe kabatini ofisi kuu ambako funguo huwa safarini. Mwandishi awe mwanafunzi. Sisi tulimpata binti wa Kidato cha Pili ambaye hachezi mchezo wowote lakini hakosi mechi hata moja, na mwandiko wake unasomeka. Huyo mmoja alitufaa kuliko kamati ya watu saba.

Kila mstari uwe na tarehe, jina kamili, kidato, shughuli, ngazi, na alichofanya. Safu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya daftari. Usikubali "alicheza vizuri". Mwambie mwandishi aandike kama anamsimulia mtu aliyekuwa shambani siku ya mechi: alikimbia mzunguko wa mwisho bila kiatu cha kushoto, alidaka mikwaju miwili, alimwongoza mwimbaji wa sauti ya tatu aliyesahau maneno, kwaya haikukatika.

Safu ya ngazi nayo ina kazi yake. UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa Shule za Sekondari Tanzania, ni ngazi kwelikweli. Mtoto anatoka timu ya shule, anachujwa katika kata, anachujwa tena katika halmashauri yake, ndipo anaingia kambi ya mkoa kukutana na wenzake wa halmashauri nane za Kigoma. Wachache mno ndio wanaopanda tena kwenda taifa. Mwaka 2022, michezo ya taifa ilipokuwa Tabora, angalau ilikuwa jirani, reli moja. Miaka mingine ni safari ya siku mbili. Sasa fikiria binti aliyepita michujo yote hiyo akaachwa wa mwisho kambini. Nyumbani anaonekana amekosa. Ukiwa na daftari unaweza kusimama ukasema alifika wapi na aliwapita wangapi, na yeye mwenyewe akashangaa.

Halafu kuna wale wasioingia kwenye daftari lolote: anayefua jezi, anayechota maji, mpiga ngoma wa nyuma, aliyekuwa anashika muda wa mazoezi. Na kipa. Huu ni mkoa uliomtoa Juma Kaseja, mtu angedhani makipa wetu wanaheshimiwa. Tazama vyeti vya shule nyingi: mfungaji bora, mchezaji bora, timu yenye nidhamu. Kipa anakumbukwa siku aliyofungwa.

Hatua ya 2: Wapokee siku wanayorudi

Siku ya vipaji ni mara moja kwa mwaka. Pongezi ya moto ni ile ya siku yenyewe, na haina gharama. Timu ikisafiri, mwalimu aliye nayo apige simu basi likipita Kidahwe. Shuleni wawepo watu sita tu wa kwenda stendi: kiranja mmoja, mzazi mmoja, mwalimu, na vijana watatu wenye ngoma moja. Zaidi ya hapo mtafanya fujo na askari wa stendi watakuja kuuliza. Kama ni usiku, mwalimu ahakikishe kila binti amefika mlangoni kwao, si njia panda.

Kesho yake mstarini, kabla ya matangazo ya karo ya mitihani ya majaribio na nywele ndefu, waliorudi wasimame mbele na mmoja wao asimulie safari kwa dakika tatu. Mwache asimulie yeye. Nimeona watoto wakisikiliza habari ya wali wa kambini kwa makini ambayo sijawahi kuipata nikifundisha jiografia.

Hatua ya 3: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hapa wageni wa Kigoma hukosea, nami nilikosea miaka miwili mfululizo. Tulipanga Jumamosi, wazazi hawakuja, tukawalaumu kwamba hawajali elimu. Baadaye mama mmoja wa Katonga akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto: "Mwalimu, mlituita giza."

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikikaribia kutimia, taa za mitumbwi hazifui dafu, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Wakati wa giza baba yuko majini usiku kucha na mchana analala, na mama tangu alfajiri yuko mchangani anaanika. Kwa hiyo chukua kalenda inayoonyesha mwezi, tafuta wiki ya mwezi mpevu, ndipo uweke siku yako.

Siku gani ya wiki? Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, Ijumaa mchana kuna swala. Jumamosi tuna familia nyingi za Wasabato. Jumapili ni makanisa mengine yote. Tulipokaa na wazazi tukaona Ijumaa inawezekana tukianza saa 8 mchana, watu wametoka msikitini na kula, na tukifunga saa 11 na nusu. Msabato anafika kwake kabla jua halijazama, kwani huku mwisho wa reli jua linachelewa, linakwenda kuzama upande wa Kongo karibu saa 1 jioni.

Mwezi wa mwaka: kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Michezo ya UMISSETA imekwisha, mvua za Oktoba hazijaanza, na Kidato cha Nne bado wana wiki kadhaa kabla ya mtihani wa Novemba. Usiungane na mahafali. Mahafali ni ya wanaoondoka, na mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyeshinda mbio za mita 1500 atamezwa humo.

Jambo jingine la ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho nyumba nyingi za mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, hazina hela ya mkononi. Ukitaka kuchangisha chochote, subiri ziwa lifunguliwe, na watu wapate kwanza ya kulipa madeni ya dukani.

Hatua ya 4: Vibali na pesa

Nitapita haraka, ila usipite wewe.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi Kidato cha Nne, na kuanzia 2022 ikafika Kidato cha Tano na cha Sita. Maana yake kwa shughuli hii ni moja: usimdai mwanafunzi hata shilingi mia ya sherehe, wala usimzuie mtoto kuingia kwa sababu mzazi hakuchangia. Mchango wa hiari nao upitie kwa mkuu wa shule, bodi ya shule na halmashauri, kwa maandishi. Mwalimu anayeanzisha mchango wake mwenyewe kwenye kundi la wasapu la wazazi, hata kwa nia njema, anajitafutia barua.

Barua nyingine mpelekee mtendaji wa kata kuhusu mkusanyiko na spika. Nakala kwa Afisa Elimu Sekondari na afisa michezo. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye anayekuja kweli.

Picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na watoto ni watoto. Fomu ya ukurasa mmoja kwa mzazi, aseme ndiyo au hapana kuhusu picha ya mwanawe kubandikwa ubaoni na kuwekwa mtandaoni. Tofautisha hayo mawili. Wazazi wengi wanakubali ubao na kukataa mtandao, na ni haki yao.

Hatua ya 5: Andika sentensi ya kila mmoja

Kazi kubwa iko hapa. Wiki mbili kabla ya siku, kaa na mwandishi wa kaunta buku, walezi wa klabu na kaka na dada mkuu. Kila mwanafunzi atakayeitwa mbele aandikiwe sentensi moja au mbili. Mkimaliza someni kwa sauti.

Kipimo changu ni hiki: kama sentensi inaweza kuhamishiwa kwa mtoto mwingine yeyote na ikamkaa, ifuteni. "Tunampongeza kwa juhudi zake na moyo wa kujituma." Inamkaa nani? Inamkaa kila mtu, hata mbuzi wa jirani anayejituma kuingia bustani ya shule. Sasa sikia hizi:

"Alianza kurusha mkuki mwezi wa pili kwa kutumia mti wa mpera aliouchonga babu yake. Mwezi wa sita alikuwa wa tatu katika mkoa."

"Alichora ukutani mwa maktaba ramani ya ziwa na nchi zake nne, siku kumi na moja, baada ya vipindi. Rangi ya bluu ilikwisha akamalizia Zambia kwa kijani."

"Aliposikia kwaya haina mpiga ngoma, alikuja, akasema hajui. Tukamwambia kaa ujaribu. Mlimsikia mlipokuwa mnaingia."

"Alitunza hesabu za mauzo ya maandazi ya klabu kwa wiki saba na hakuna hata siku moja iliyopungua."

Urefu wa sentensi uwe sawa kwa wote, ama karibu. Watoto wanahesabu. Ukimpa mfungaji mistari sita na mchora ramani mstari mmoja, umeshasema nani ana thamani.

Usitaje umaskini wa mtu kama pambo. "Licha ya kuwa yatima" ni maneno yanayomfanya mama mlezi atoe leso na mtoto atazame viatu. Kama mwenyewe anataka kulisema, atalisema. Vilevile usimlinganishe na ndugu yake, usitaje maksi zake za hisabati, na hapo usilete mawaidha. Kuna mwalimu mwenzangu hawezi kumpa mtoto cheti bila kumwambia "sasa na darasani uongeze bidii". Tulimwomba awe anagawa maji.

Ukiwa na mtunzi kati ya wanafunzi, mpe baadhi ya sentensi azigeuze ushairi. Watoto wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu wanalijua hili: mishororo 4, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Ubeti huu tulimsomea kipa wetu, nami nilisaidia vina viwili tu:

Mlinda lango inuka, simama hapo mbeleni,
Mikwaju ukiidaka, roho zetu mkononi,
Goti lako lachubuka, damu inavuja chini,
Kutolewa hukutaka, ukarudi kiwanjani.

Ubeti mmoja unatosha kwa mtu. Ukiruhusu beti nane, wa mwisho kuitwa atapewa mkono gizani.

Hatua ya 6: Sanaa ionekane, isitangazwe

Mwanamichezo ana matokeo, unayasoma. Msanii hana namba. Ukisema "huyu ni mchoraji mzuri" hujasema kitu, tundika michoro. Kamba ya katani kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, vibanio vya nguo, karatasi za manila nyuma ili upepo wa ziwani usizikunje. Chini ya kila kazi weka jina, kidato, na maneno ya mchoraji mwenyewe. Wazazi wapite hapo kwanza, kabla ya kukaa, na wachoraji wasimame karibu na kazi zao wajibu maswali. Mwaka jana mzee mmoja fundi mitumbwi alisimama mbele ya picha ya mtumbwi dakika kumi, akamwambia kijana ubao wa pembeni umekaa kinyume. Wakabishana. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa naitafuta.

Maonyesho ya jukwaani yasizidi matano: ngoma ya Kiha, kwaya, igizo fupi, shairi, na kitu kimoja wanachokichagua wenyewe, ambacho mara nyingi kitakuwa singeli au bongofleva. Sikiliza maneno ya wimbo wiki moja kabla. Usisikilize siku yenyewe.

Sasa kutunza, yaani kumpa pesa anayecheza. Mtoto akicheza ngoma vizuri, watu watainuka wamtunze, huwezi kuwazuia na wala usijaribu, ni mila na ni furaha. Lakini tuliona mambo yasiyopendeza: wanaume wazima wakiwabandika mabinti noti usoni na shingoni huku wakicheza nao. Tukaweka sheria, mshereheshaji anaitangaza mwanzoni na kuirudia kabla ya ngoma: hakuna kumgusa mwanafunzi. Mbele ya jukwaa kuna beseni lililotandikwa kitenge; anayetaka kutunza anakuja akicheza mpaka kwenye beseni, anaweka, anarudi. Kina mama walilipokea vizuri mno, wakaongeza madoido ya kwenda na kurudi. Pesa ya beseni inahesabiwa palepale na watu watatu na inagawanywa sawa kwa kikundi kizima, mpiga ngoma wa nyuma akiwemo.

Hatua ya 7: Waliochangisha kwa ajili ya wengine

Hili ni kundi gumu kulipongeza bila kuharibu.

Kosa la kwanza ni kupanga watoto kwa kiasi cha pesa walicholeta. Mtoto wa mwenye duka Mwanga ataleta elfu hamsini kwa simu moja ya baba yake. Mtoto wa mwanika dagaa ataleta elfu tatu baada ya kuuza karanga stendi Jumamosi mbili. Ukiwasimamisha kwa mpangilio wa namba, umempongeza mwenye duka. Kwa hiyo taja kazi: nani aliamka saa 11 kukanda unga wa maandazi, nani aliosha bodaboda, nani alikwenda kuomba kibali, nani alisimama mbele ya msikiti na kanisa akaeleza jambo lenyewe bila kutetemeka. Jumla ya fedha itajwe moja, ya shule nzima.

Kosa la pili ni kumwonyesha aliyesaidiwa. Kama fedha zilinunua sare na madaftari ya wanafunzi wenzao, majina hayasomwi, hawasimamishwi, wala hawaombwi "kutoa neno la shukrani". Kama msaada ulikwenda wodi ya watoto Hospitali ya Maweni, ulikwenda kwa ruhusa ya uongozi wa hospitali, na picha za wagonjwa hazipo. Picha ya wanafunzi wakibeba ndoo za sabuni getini inatosha kueleza habari yote.

Cha tatu si kosa, ni wajibu. Hesabu. Bango la manila, maandishi makubwa, limebandikwa mlangoni siku ya sherehe:

Zilizopatikana, na zilivyopatikana: maandazi, kuosha bodaboda, wahisani.
Zilizotumika: kila kitu kwa bei yake, risiti zimebandikwa chini kwa gundi.
Zilizobaki, na ziko wapi.
Sahihi tatu: mwalimu mlezi, mwanafunzi mhazini, mzazi mmoja.

Pesa hazilali mfukoni mwa mtu. Zikipatikana Jumamosi, Jumatatu asubuhi zinakabidhiwa ofisini kwa stakabadhi, na kile mlichotumia kununua unga kiandikwe kabla hamjasahau. Wakati wa kuwapongeza, mhazini mwanafunzi ndiye anayesoma bango. Wazazi wa Kigoma wamechanga mengi maishani mwao bila kusomewa chochote. Binti wa miaka 16 akisimama na kusema "unga kilo 25, mafuta lita 5, faida ni hii", makofi yanayopigwa hapo huwa ya aina nyingine.

Hatua ya 8: Mgeni rasmi, viti na chakula

Mgeni rasmi bora kwetu amekuwa mtu aliyesoma shule hiyohiyo: muuguzi, fundi, mchezaji, nahodha wa boti. Tangu Mashujaa FC wapande Ligi Kuu mwaka 2023 na kucheza pale Uwanja wa Lake Tanganyika, watoto wanatamani mchezaji aje. Peleka barua mapema, usisubiri wiki ya mechi. Ukimwita mwanasiasa, mwambie kwa adabu kwamba ana dakika saba na kwamba tutaanza saa 8 hata kama yuko njiani. "Itifaki imezingatiwa" iwe sentensi moja, isiwe orodha ya meza kuu nzima hadi dereva.

Viti azima msikitini au kanisani. Spika moja inatosha, na uwe na megafoni kwa sababu umeme ukikatika watu hawatasubiri. Chakula: uji wa lishe au juisi na maandazi, yaleyale ya klabu. Tulijaribu ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese mwaka mmoja, kilikuwa kitamu sana, na nusu ya wapishi hawakuona sherehe ya watoto wao. Hatukurudia.

Zawadi: cheti chenye ile sentensi yake imeandikwa humo, siyo "cheti cha ushiriki" kilichochapwa mia moja kwa mkupuo. Ukipata mfadhili wa vitenge, kata vipande vya kuvisha shingoni. Ni vya bei nafuu kuliko maua ya plastiki na mama atakitumia. Kombe moja linalobaki shuleni linatosha.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa 8:00 wazazi wanapita kwenye michoro. Saa 8:30 ngoma inawaita kukaa. Mkuu wa shule, dakika tano. Kundi la kwanza la majina, kisha kwaya. Kundi la pili, kisha igizo. Kundi la tatu, shairi. Mhazini na bango lake. Mgeni. Ngoma ya kufunga, na hapo ndipo beseni linapotoka. Saa 11:30 watu waondoke.

Changanya michezo, sanaa na uchangishaji katika kila kundi la majina. Ukiweka michezo yote mwanzo, vijana wa mpira watakuwa wameshatoroka kwenda uwanjani kabla mchora ramani hajaitwa.

Anayeitwa mbele aje na mtu wake. Mama, shangazi, babu, hata kaka mwenye bodaboda aliyemleta. Wasimame wawili wakati sentensi inasomwa. Kama hana mtu siku hiyo, mwandishi wa kaunta buku asimame naye, kwani aliyaona yote. Asomaye asome polepole na jina lote, hadi la babu. Fanya mazoezi ya majina ya Kiha siku moja kabla; hakuna kinachoudhi kama kuona mwalimu anababaika na jina la mtoto aliyemfundisha miaka mitatu. Makofi yakiisha, kuna wazee watakaopaza sauti kwa Kiha "leka dutigite!", yaani acha turinge. Waache waringe. Ratiba ina dakika kumi za ziada kwa ajili yao.

Hatua ya 10: Jumatatu

Pelekeni barua kwa wazazi ambao hawakufika. Isiwe ndefu. Yetu ni hivi:

"Mzazi, shikamoo. Ijumaa hatukukuona na tunajua kazi ni nyingi. Mwanao aliitwa mbele ya shule kwa sababu hii: [sentensi yake]. Cheti chake anakuja nacho. Ukipata nafasi siku yoyote, pita uone mchoro wake, tutauacha ukutani hadi shule ifungwe."

Apeleke mwanafunzi mwenyewe, ikiwa imefungwa kwenye bahasha, na asiambiwe kilichomo. Mzazi akipokea bahasha ya shule huanza kuhesabu deni au kosa. Baba mmoja wa Bangwe alinipigia simu akauliza mara mbili kama kweli hakuna kitu anachotakiwa kulipa.

Kuna jina mtalisahau. Kila mwaka tunalisahau moja, mwaka juzi matatu. Mtajua, kwa sababu rafiki wa huyo mtoto atakuja kusema, mwenyewe hatakuja. Msimwambie "utakuwemo mwakani". Mkuu wangu wa shule hakubali kupiga mhuri vyeti vitupu vya akiba, na ana haki, kwa hiyo Jumatatu asubuhi naingia ofisini kwake na jina, sentensi na karatasi. Jumanne mstarini, sentensi inasomwa kama zilivyosomwa nyingine, mtu wake akiitwa ikiwezekana. Na mwalimu anayesoma aanze kwa kusema, "Ijumaa tulikosea."